Wachomaji Barua

Chwaka, akifariki mtu mzima, sanduku lake hufunguliwa baada ya matanga, wageni wakishatawanyika. Hutoka humo kanga ambazo hazijapata kuvaliwa, vipande vya udi vilivyofungwa katika kitambaa, hati ya minazi, stakabadhi za zamani, na aghalabu, marehemu akiwa ni wa kizazi kilichotangulia simu za mkononi, bahasha kadhaa zilizofungwa kwa uzi. Hapo hukumu hupita pasi na hakimu. Mmoja wa jamaa husoma mistari miwili mitatu, hutabasamu au hukunja uso, kisha huirejesha karatasi ndani ya bahasha. Zitiwe moto. Sababu inayotolewa ni moja, nayo haina mpinzani: kumsitiri marehemu.

Basi na apatikane mpinzani. Sitara ni neno tukufu mno kuachiwa lifanye kazi ambayo halikuumbiwa. Mwenye kusitiri hufunika aibu, na mwenye kufunika aibu amekwisha kukiri kuwa aibu ipo. Sasa na iulizwe: aibu ipi? Barua ya haramu haikai miaka arubaini katika sanduku la nyumba ya ndoa. Mwenyewe alikwishaichana siku ile ile aliyoisoma, au aliitafuna akaimeza. Zilizobaki, zile zilizofungwa uzi na kuhamishwa kila paa lilipobadilishwa makuti, ni za mume kwa mkewe na za mke kwa mumewe. Ni karatasi za halali. Mwenye kuzichoma kwa jina la sitara anamwambia marehemu, tena baada ya kumzika, kwamba kumpenda aliyemuoa lilikuwa jambo la kufichwa.

Ni vyema kukumbusha barua zenyewe zilivyo, kwani wengi wanaozihukumu hawajazisoma. Wavuvi wa pwani ya mashariki ya Unguja wana desturi ya kwenda dago, yaani kuhama na vyombo na mitego yao kwa wiki au kwa miezi, kuwafuata samaki: Pemba, Tanga, hata pwani ya Kenya. Wengine walikwenda mjini kutafuta vibarua bandarini, na baada ya 1964 wako waliovuka bahari na kuishia Maskati na Dubai. Aliyesafiri aliandika, au aliandikiwa na mwenye mkono mzuri, na karatasi ikapelekwa kwa mkono wa mtu. Barua ya namna hii haianzi kwa mapenzi. Huanza kwa Bismillahi, ikafuata salamu ya kukitosha kijiji kizima: mjomba, shangazi, somo, jirani wa mlango wa pili. Hufuata habari ya afya. Kisha huja "ama baada ya salamu", na hapo ndipo mwandishi anapoingia katika jambo lake, na jambo lenyewe ni makuti ya paa, ni bei ya nazi, ni mtoto amefika juzuu ya ngapi. Mapenzi hutiwa mahala ambapo mgeni hawezi kuyaona: katika swali moja ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa, katika salamu iliyorejewa mara mbili kwa mtu mmoja, katika chupa ya mafuta ya nazi ambayo mwandishi anasema ameipokea na bado hajaifungua. Anayechoma barua hiyo kwa kuwa ina mapenzi lazima kwanza awe hodari wa kuyaona.

Wala si kweli kwamba barua hizi zilikuwa siri tupu. Mwanamume asiyejua kuandika alimwendea mwalimu wa chuo; mwanamke asiyejua kusoma alimwita mtoto wa skuli akae naye ukumbini na kumsomea pole pole. Mwalimu alijua, mtoto alijua, na wote wawili walinyamaza. Kilichokuwapo hapo si siri bali amana, na hukumu za amana zinajulikana hata kwa mtoto aliyeanza chuoni jana. Amana hutunzwa, hurejeshwa, hukabidhiwa. Haichomwi.

Upo udhuru mmoja wa wachomaji ambao unastahiki heshima, nao ni wa hati. Barua nyingi za wazee ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na karatasi yenye Bismillahi juu yake haitupwi jaani. Huzikwa, huchomwa au hutoswa kwenye maji ya kina. Hii ni adabu, na hapana wa kuipinga. Lakini adabu hiyo imewekwa ili jina la Mwenyezi Mungu lisikanyagwe, na karatasi iliyohifadhiwa haikanyagwi. Aliyetaka kuliheshimu jina hilo angeweza kuliacha lilipokuwa, ndani ya sanduku, juu ya kanga safi, mahala palipo pa heshima kuliko majivu. Kinachotokea ni kwamba udhuru wa adabu hukopwa na watu ambao haja yao ni nyengine. Hati ya minazi nayo ina Bismillahi. Mbona haichomwi?

Hapo ndipo penye shina la maneno. Kinachohifadhiwa katika visiwa hivi ni karatasi yenye mali au yenye ukubwa. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyiko wa maandiko ya Waswahili kwa hati zao za Kiarabu. Anayeyatazama makusanyo ya zama zile huona biashara, safari, madeni, mashauri ya wakubwa. Nyaraka za Kilimani zimejaa barua za masultani, za mabalozi na za makarani wa Kiingereza waliolalamikia hata uchakavu wa viti vyao. Malalamiko ya kiti yana faili. Maneno ambayo mke wa mvuvi alimwandikia mumewe aliyekuwa dago hayana, na anayeulizwa sababu hujibu kwamba watu wa pwani hawakuwa na mambo hayo ya kuandikiana mapenzi, hayo yaliletwa na skuli na sinema. Mtu huchoma ushahidi usiku, na asubuhi akatangaza kuwa ushahidi hauko.

Skuli na sinema! Kana kwamba Mwana Kupona binti Mshamu, mwaka 1858, hakumwandikia bintiye utendi mzima uliojaa namna ya kuishi na mume, wala haukuwapo mkono wa mwanamke wa pwani ulioshika kalamu kabla ya mwanga wa projekta. Lakini na ichukuliwe kuwa sinema ililetea visiwa hivi kitu, kwani ililetea. Mjini Unguja, Majestic na Empire ziliwajaza watu ambao walitoka na nyimbo za filamu za Kihindi na za Kimisri vinywani, na taarabu ikazichukua sauti hizo ikazivika maneno yake. Yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao. Nargis wa Awaara, filamu ya 1951, alipendwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Na hapa pana jambo la kustaajabisha: mwanamke mwigizaji hupendwa mno kwenye turubai na huogopwa mno kwenye ukoo. Watu hulia naye gizani kwa saa tatu, kisha taa zikiwaka hujifanya hawamjui. Hakuna anayefikiri kuwa mwanamke huyo, akirudi kwake na kufuta poda, huenda ana la kusema kwa mkono wake mwenyewe juu ya mapenzi.

Iko kesi moja ya kuwasuta wachomaji, nayo imetokea mbali na Chwaka, mjini Paris. Novemba 2017 nyumba ya uchapishaji ya Gallimard ilitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 1,200 chenye barua 865. Waandikiani ni wawili: Albert Camus, mzaliwa wa Algeria, mtunzi wa L'Étranger, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1957, na María Casares, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, ambaye kila mpenda sinema za kale anamjua kwa Les Enfants du paradis ya 1945 na kwa Orphée ya Jean Cocteau ya 1950, alimocheza Mauti yenyewe, amevaa nguo nyeusi. Casares hakuwa Mfaransa. Alizaliwa La Coruña, Hispania, mwaka 1922. Babake, Santiago Casares Quiroga, alikuwa waziri mkuu wa Jamhuri vilipozuka vita vya 1936, na binti akawa mkimbizi akiwa hajatimiza miaka kumi na minne. Kifaransa alichokuja kukitumia kwa ustadi ule hakikuwa lugha ya mamake. Watu wa visiwa ambavyo jamaa zao wametawanyika tangu 1964 hawahitaji kufafanuliwa maana ya hilo.

Walikutana Machi 1944, Paris ikiwa bado chini ya Wajerumani. Yeye ana miaka ishirini na mmoja, Camus thelathini. Casares alicheza katika tamthilia ya Camus, Le Malentendu, mwaka ule ule. Wakawa wapenzi usiku wa Juni 6, 1944, siku majeshi ya washirika yaliposhuka Normandy. Camus alikuwa na mke, Francine, ambaye vita vilimzuia Algeria. Francine alipofika Ufaransa, Casares alijitoa. Miaka minne kamili baadaye, Juni 6, 1948, wakakutana kwa sadfa njiani, katika boulevard Saint-Germain, na tangu siku hiyo hawakuachana tena mpaka Januari 4, 1960, gari alimokuwamo Camus lilipogonga mti karibu na Villeblevin na kumuua papo hapo.

Mzee yeyote wa Chwaka atasema hapa, na atakuwa amesema haki: huyo alikuwa mume wa mtu. Naam. Francine aliumia, tena kwa maradhi ya roho yaliyojulikana na kila aliyewakaribia, na barua zenyewe hazilifichi jambo hilo. Hapana anayeombwa aige. Lakini mzee huyo na aitazame kesi yote, asiishie katikati. Aliyekiruhusu kitabu kitoke na kukiandikia utangulizi ni Catherine Camus, binti wa Albert na Francine, mtoto wa nyumba ile ile iliyoumizwa. Yeye ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kuwasha kibiriti. Aliwashukuru wote wawili. Sitara aliyoichagua binti huyu haikuwa moto, ilikuwa wakati: alingoja mpaka mamake, aliyefariki 1979, na Casares mwenyewe, aliyefariki 1996, wawe wametoka duniani muda mrefu, ndipo akafungua. Ikiwa mtoto wa ndoa iliyojeruhiwa ameweza kuziacha barua za haramu zikaishi, mtoto wa ndoa iliyosalimika ana udhuru gani wa kuzichoma za halali?

Ama faida iliyopatikana si ile waliyoitarajia wanunuzi wa udaku. Wengi walikifungua kitabu kumtafuta Camus wakamkuta Casares. Camus katika barua hizo ni kama alivyo kwengine: mwenye kifua kibovu, mwenye shaka, anayeandika kutoka milimani alikopelekwa kupumzisha mapafu, au kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1949, akilalamika kuwa kazi haendi nayo. Sentensi zake ni nzuri na zinajijua kuwa ni nzuri. Casares anaandika usiku akirudi kutoka mazoezini, amechoka, anacheka, anaeleza nani alisahau maneno yake jukwaani na mvua ilinyesha vipi. Mwaka 1950 anamzika babake ugenini na analiandika hilo bila ya pambo. Anamkemea mpenzi wake anapojihurumia. Kwa miaka hamsini alikuwa ametajwa katika vitabu vya wataalamu kama kivuli: "mpenzi wa Camus", mstari mmoja, labda na picha. Kumbe kivuli kilikuwa na mkono, na mkono huo haukuwa dhaifu kuliko wa mshindi wa Nobel. Pahala pengi una nguvu zaidi. Yote hayo yamejulikana kwa sababu moja tu, kwamba bahasha za pande zote mbili zilisalimika.

Na hili ndilo shitaka la pili, ambalo haliwahusu wachomaji bali wachapishaji, wahariri na wanavyuoni, watu ambao hujiona wako mbali sana na moto. Wao hawachomi. Wao hutoa upande mmoja na kuuita barua.

Mwaka 1992 Ghada al-Samman, mwandishi wa Syria, alichapisha barua za mapenzi alizoandikiwa na Ghassan Kanafani, mwandishi wa Palestina aliyeuawa kwa bomu Beirut mwaka 1972. Ulimwengu wa Kiarabu uligombana kwa miezi juu ya haki ya kufanya hivyo: amemvunjia shahidi heshima, amemwonyesha akibembeleza, kuna mjane. Magomvi yakawa makubwa, na hoja nzito ikapotea ndani yake: barua za Ghada mwenyewe hazimo kitabuni. Msomaji anamsikia mwanamume akiuliza, akisihi, akilaumu, na hajui anajibiwa nini. Hukumu zote zilizotolewa juu ya mwanamke huyo, za kumtetea na za kumshambulia, zilitolewa juu ya ukimya.

Nyumbani je? Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu ya 1840, alitunga kwa kujibizana, kama ilivyo ada ya ushairi wa pwani. Mashairi yake yaliokolewa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akishirikiana na William Taylor, yakachapishwa 1940. Muyaka yupo. Wengi katika wale aliowaambia, na hasa wanawake aliowaimbia, wamebaki kuwa jina la kupanga au "wewe" lisilo na uso. Shaaban Robert alimlilia mkewe Amina kwa shairi ambalo watoto wa skuli wamelighani vizazi kwa vizazi. Amina hana mstari. Barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, zilitolewa na Profesa Mulokozi mwaka 2002, kazi ya kushukuriwa sana, na hizo nazo ni za mkono mmoja. Halafu yuko Siti binti Saad. Huyu ndiye aliye karibu zaidi na Casares ambaye visiwa hivi vimemzaa: msanii wa kike, mzaliwa wa Fumba, asiyepelekwa skuli, ambaye mwaka 1928 sauti yake ilirekodiwa Bombay na kuenea pwani nzima. Alifariki 1950. Wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert, na ni wasifu wenye adabu, wenye kumtukuza, ambao kila mtu anautegemea. Lakini mtukuzaji ni mwandishi, na Siti katika kitabu hicho anazungumza kwa Kiswahili cha Shaaban Robert. Sauti ya Siti ipo katika santuri. Maneno yake ya barazani, ya chumbani, ya hasira, hayapo. Asiyejua kuandika alikuwa na waandishi wengi karibu yake, na wote walikuwa na lao la kuandika.

Dhuluma hii inauma zaidi kwa kuwa ni ya kigeni kwa mila ya hapa. Hapana watu duniani wanaoujua wajibu wa jibu kuliko watu wa visiwa hivi. Shairi hutolewa ili lijibiwe. Vikundi vya taarabu vya wanawake wa Unguja, Royal Navy na Royal Air Force, Nuru el-Uyun na Sahib el-Ari, viliishi kwa kupokezana vijembe. Wimbo usiojibiwa ulikuwa ushindi wa kusikitisha. Kanga yenyewe ni barua ya wazi: mwenye kuivaa hupita mbele ya mlango fulani kwa makusudi, na mwenye mlango huo huenda dukani kutafuta jina la kumjibu. Watu waliolelewa hivyo ndio wanaokubali, inapofika karatasini, kwamba mwanamume aseme na mwanamke awe mada.

Chwaka inahusika na haya kwa namna ya peke yake. Ghuba ya Chwaka ni miongoni mwa sehemu zilizochunguzwa zaidi katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Mikoko yake imepimwa, nyasi zake za baharini zimehesabiwa aina kwa aina, kaa wake wamefuatwa mpaka mashimoni, na wanawake wake wanaolima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wameulizwa maswali kuhusu kilo, kipato, mgongo na macho. Mwaka 2012 kilitoka kitabu kizima cha wataalamu juu ya ghuba hiyo na watu wake. Ni elimu ya maana, na anayeidharau hajui thamani ya bahari. Hata hivyo katika wingi huo wa karatasi, mapenzi ya watu wa Chwaka hayana sura yake. Inajulikana maji ya ghuba yanachukua muda gani kutoka na kuingia; haijulikani mwanamke aliyesimama ndani ya maji hayo alimwandikia nini mumewe.

Wapo watakaosema: elimu hiyo ya nini? Hili ni swali la mtu ambaye hakuona jinsi barua za Sayyida Salme zilivyofanya kazi. Binti huyu wa Sayyid Said aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Heinrich Ruete wa Hamburg, akabaki mjane na watoto wadogo mwaka 1870 baada ya mumewe kukanyagwa na tramu. Kumbukumbu zake za 1886 zilisomwa dunia nzima kwa habari za majumba ya kifalme. Lakini maandishi yake aliyoyapa sura ya barua kwa rafiki wa nyumbani, yaliyotoka wazi mwaka 1993, karibu miaka sabini baada ya kifo chake, ndiyo yanayomwonyesha mwanamke wa Unguja katika baridi ya Ujerumani, akimkumbuka mume, akihesabu makaa ya jiko. Yalikaa muda wote huo bila ya kuchomwa. Angepatikana jamaa mmoja mwenye huruma ya aina ya Chwaka, lingebaki jumba la kifalme peke yake.

Hofu ya wenye masanduku si ya kupuuzwa. Kijiji ni kidogo. Jina likitajwa, ukoo mzima umetajwa. Mtafiti wa leo huja na simu, akapiga picha ya karatasi, na kabla hajafika Dunga picha imekwishasambaa. Anayemtaka mtu wa Chwaka aitoe barua ya mamake bila ya kumpa dhamana yoyote anataka jambo ambalo yeye mwenyewe asingelikubali. Kwa hiyo masharti ni lazima yawe ya wenye barua, si ya wasomi. Bahasha zifungwe na zibaki zimefungwa mpaka watoto wa waandikiani wasiwepo, hata ikiwa ni miaka hamsini, hata sabini. Majina yafichwe. Anayeziweka awe na haki ya kuzichukua tena siku akibadili nia. Na sharti ambalo halina punguzo: mikono miwili pamoja. Palipo na barua za mume, zitafutwe za mke, kwenye sanduku la upande wa pili, kwa wifi, kwa mtoto aliyehamia Tanga. Na zisipopatikana, iandikwe juu ya bahasha kwa herufi kubwa kwamba huu ni upande mmoja, ili asije profesa mmoja akajenga juu yake nadharia ya mapenzi ya Mswahili.

Kilimani wana vyumba. Vyuo vina walimu. Ila waliobaki Chwaka wenye kuzisoma vizuri hati za Kiarabu za Kiswahili, zile zisizo na irabu, zilizoandikwa kwa haraka juu ya goti ndani ya chombo, ni wazee, na hawaongezeki. Barua za vijana wao zimo katika simu, na simu ikitumbukia majini mambo yamekwisha, hapana hata majivu. Chumvi nayo inakula karatasi kila msimu wa kusi. Kamati inaweza kungoja. Kwa sasa kinachohitajika ni bahasha ya khaki, uzi mpya, na mtu mmoja katika nyumba ya matanga wa kumwambia mwenye kibiriti, kwa upole, alale kwanza mpaka asubuhi.